Pipa la Pumba la Mama Fumi

Kwa miaka kumi na tisa mkono wangu wa kulia ulinuka pumba. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinipakulia chakula kisha anahamishia kiti chake upande wangu wa kushoto. Nilijaribu limau, nikajaribu majivu, nikajaribu hata sabuni ya unga mpaka ngozi ikachubuka. Kesho yake asubuhi harufu ilirudi palepale, maana kesho yake asubuhi niliuzamisha mkono tena ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla hata ya kuwasha jiko.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea upishi hapa Arusha. Mjukuu wangu Naishiye, ambaye ni mwenzenu darasani, alikuja kunisalimia akaniambia, "Babu, chakula cha Kijapani tumeshakimaliza. Mwalimu alikifundisha Jumatano." Nikamuuliza, Jumatano ya siku ngapi? Akasema Jumatano moja. Nilicheka. Akaniomba niwaandikie chochote ninachokijua, na nikakubali kwa sharti kwamba sitaandika ya kujisifu. Mengi ninayoyajua niliyajua kwa kukosea, na lipo kosa moja ambalo mpaka leo halijanitoka kooni.

Mimi ni Lomayani, Mwarusha wa Olmotonyi. Nilikuwa mpishi katika mgahawa mdogo Sekei, wenye meza nane, wa mama wa Kijapani tuliyemwita Mama Fumi. Alikuja nchini na mumewe, mhandisi wa maji. Mkataba ulipoisha mume alirudi Tokyo na binti yao Aya, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na Mama Fumi akabaki. Kwa nini alibaki hakunieleza, nami sikumuuliza. Mtu akinyamazia jambo kwa miaka yote hiyo, unajifunza kupita pembeni yake.

Siku yangu ya kwanza sikupewa kisu. Nilipewa gunia nikatumwa mashineni kununua pumba za mchele, zilizokobolewa siku hiyohiyo, laini, zisizo na makapi. Mwenye mashine akaniuliza, "Kaka, una nguruwe wangapi?" Nikamwambia sina nguruwe, ni za kula watu. Akazima mashine. Akawaita wenzake wawili waje wasikie, kisha akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Kwani huko Sekei hali ni ngumu kiasi hicho?"

Basi chukueni hili la kwanza. Pumba nzuri ukizifumbata kwenye kiganja zinabaki na alama za vidole. Zikimwagika kama mchanga, zimekaa siku nyingi. Zikinuka mafuta yaliyochacha, warudishie wenye nguruwe.

Jambo la pili nililofundishwa ni swali. Kwenye ule mgahawa mgeni wa Kijapani hakupewa menyu kabla hajaulizwa, "Kwenu ni wapi?" Aliyehudumia mezani alikuwa dada Ester, Mchaga wa Machame, mwenye mdomo usio na breki. Ester hakulipenda swali hilo. "Mama, mtu amekuja na njaa, sisi tunamuuliza kabila!" alisema. Mama Fumi akamjibu, "Ester, nikimpa Mrombo mtori wa Machame, atakula?" Ester akafikiri. "Atakula, lakini atasema." "Basi," akasema Mama Fumi, "mimi sitaki waseme."

Alinichorea nchi yake kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo. Visiwa vilikuwa vimelala mshazari kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, na kila mahali alipoweka nukta aliandika chakula badala ya jina la mji. Akaniambia hakuna kitu kinachoitwa chakula cha Kijapani, kama vile hakuna kitu kinachoitwa chakula cha Kitanzania. Mtu wa Tanga atakuambia samaki wa nazi, mimi nitakuambia loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando, na kila mmoja atamwonea mwenzake huruma.

Nilidhani nimeelewa. Wiki iliyofuata akaja mhandisi mmoja wa barabara, mtu wa Nagoya, akaomba supu ya miso. Miso ni rojo la soya lililochachushwa. Stooni kulikuwa na ndoo mbili, moja ya miso nyeupe tamutamu ya Kyoto, nyingine ya Nagoya, nyeusi, ya soya tupu, inayokandamizwa chini ya mawe miaka na miaka. Ndoo nyeupe ndiyo ilikuwa karibu na mkono wangu. Yule bwana alikunywa funda moja, akaweka bakuli chini, akainamisha kichwa kwa adabu, akaondoka. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Mama Fumi alilichukua lile bakuli akanirudishia jikoni. "Umempa mama wa mtu mwingine," akaniambia.

Ya Akita ni kichekesho kidogo. Akita iko kule juu kwenye ule ukuta, kwenye baridi, na watu wake huponda wali mpya, wakaushikiza kwenye kijiti, wakauchoma kwenye makaa, kisha wakautia kwenye mchuzi wa kuku. Huo wali wanauita kiritanpo. Tulikuwa na muuguzi wa kujitolea kutoka huko, na mwaka mpya ulikuwa unakaribia. Nikaona kazi rahisi, nikachukua vijiti vya mishikaki. Wali wote ulitelezea kwenye makaa, fungu baada ya fungu, huku Ester akihesabu kwa sauti. Ikabidi Mama Fumi aende kwa fundi seremala, akachongewe vijiti vinene vya ukubwa wa mpini wa mwiko. Yule muuguzi alikula vyote, akashukuru sana, halafu akasema kwa aibu, "Kwetu vijiti ni vya mwerezi. Mti unabaki kwenye wali." Somo lote lilikuwa limewekwa mezani siku ile, nami nilikuwa nafuta meza.

Sasa nije kwenye pipa.

Mama Fumi alikuwa mtu wa Kokura, mji ulioko chini kushoto kwenye ule ukuta, pembeni kabisa. Kila nyumba ya Japani inaweza kuwa na achari ya pumba. Unachanganya pumba, chumvi, maji, pilipili kavu na kipande cha mwani, unafukia humo tango au figili au biringanya, kesho yake unafukua achari. Lakini watu wa Kokura wana lao. Wao wanachota hizo pumba zilizochacha wanapikia samaki. Vibua au dagaa wakubwa wanachemshwa taratibu kwa soya, sukari na tangawizi nyingi, kisha pumba zinaingia, mchuzi unakuwa mzito, na mifupa inalainika mpaka unaila. Kwetu vibua walitoka Tanga kwenye barafu, tukawanunua soko la Kilombero hapa mjini. Nimepika vyakula vingi vya nchi ile, na ningepewa kimoja tu cha kula hadi kufa, ningechagua hicho. Sasa siwezi kukila.

Pipa lenyewe lilikuwa la mbao, linafika magotini, limefungwa pete za mianzi. Lilikuwa la bibi yake Mama Fumi, likaja kwa meli pamoja na vyombo vyao. Pumba za ndani hazikuwahi kumwagwa. Zikipungua unaongeza mpya, na zile za zamani zinazifundisha zile mpya. Unazigeuza kila siku, za chini zije juu, kwa mkono mtupu ulionawa kwa maji bila sabuni. Mkono una vijidudu vyake, na pipa linaujua mkono wa mwenyewe. Utando mweupe ukitokea juu usiogope, uzamishe. Likiwa chachu mno tia unga wa haradali. Likinuka vibaya tia chumvi na haradali, usifukie mboga yoyote, geuza tu kila siku na uvumilie wiki mbili. Hili la wiki mbili mlikumbuke.

Siku moja tukimenya figili alinisimulia habari ya lile pipa wakati wa vita, mama yake alipokuwa msichana. Asubuhi moja ndege iliyobeba bomu kubwa ilikuja juu ya Kokura. Ikakuta wingu na moshi vimefunika mji, ikazunguka, ikazunguka tena, haikuona kitu, ikaenda kuliangusha kwenye mji mwingine. Watu wa Kokura hawakujua kitu mpaka baadaye. Jioni ile bibi yake aligeuza pumba kama siku zote, wakala achari. "Kila nikigeuza nawafikiria wale wengine," Mama Fumi aliniambia. "Kwao pia kulikuwa na mapipa." Hakuisimulia tena habari hiyo.

Mwanangu wa kwanza alipopata kipaimara, Mama Fumi alikuja nyumbani Olmotonyi. Mama yangu, yeyo, alimpa maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe. Mama Fumi alikunywa, akachungulia ndani ya kibuyu na kunusa. Akauliza hii harufu ni ya nini. Yeyo hakujua Kiswahili cha kutosha, akamshika mkono akampeleka jikoni, akachomoa kijinga cha oloirieni, ule mzeituni wa porini, akakiingiza kinawaka ndani ya kibuyu kingine akasugua, akafunika moshi ubaki humo. Ndivyo tunavyosafisha vibuyu sisi, na ndivyo maziwa yasivyoharibika.

"Mwambie," yeyo akaniambia kwa Kimaasai, "kibuyu hakioshwi kwa sabuni."

Nikatafsiri. Mama Fumi akacheka. "Mwambie hata changu."

Wakakaa pale jikoni saa nzima, kila mmoja akisema lugha yake, na nadhani walielewana kuliko nilivyowaelewa mimi. Mama Fumi alilirudia lile jina mara nyingi mpaka likamkaa mdomoni. Oloirieni. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Mama yako ana mkono mzuri sana. Lakini chombo chake ni chake na changu ni changu. Tusivikutanishe." Nikaitikia ndiyo, Mama. Nilidhani ni maneno ya kufunga safari tu.

Miaka ikapita. Mgahawa haukuwahi kujaa wala haukuwahi kufa. Kisha tumbo la Mama Fumi likaanza kumsumbua, akawa ananificha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ilikuwa Januari, joto kali, alipolazwa. Mimi nikawa nakimbia asubuhi hospitali, mchana jikoni, jioni hospitali. Pipa lilipaswa kugeuzwa mara mbili kwa siku kwenye joto lile. Siku nyingine niligeuza mara moja, na siku mbili, nakiri, sikuligusa.

Jumanne moja nilifunua kifuniko nikarudi nyuma. Pumba zilikuwa zinanuka tina, ile ya kuchanganyia rangi. Siku hiyohiyo hospitali waliniita pembeni wakaniambia kwamba Mama ataruhusiwa arudi nyumbani Ijumaa, na wakanieleza kwa nini. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilipoingia chumbani kwake alikuwa ananingoja. Hakuwa amekula vizuri kwa wiki tatu. "Lomayani," akasema, "nikifika nyumbani unipikie vibua vya pumba. Kidogo tu."

Dawa ya pipa nilikuwa nayo yote kichwani. Chumvi, haradali, wiki mbili. Nilichokosa ni hizo wiki mbili, maana yeye hakuwa nazo.

Nikakumbuka vibuyu vya yeyo. Chombo kinaharibika, moto unakiponya. Jumatano niliagiza kuni za oloirieni kutoka Olmotonyi. Nikazihamishia pumba zote kwenye beseni, nikalisugua pipa la bibi yake Mama Fumi kwa kijinga kinachowaka, ndani kote, chini na ubavuni, nikafunika moshi ulale humo. Baadaye nikazirudisha pumba na kuzigeuza. Harufu ya tina ilikuwa imepotea! Nilisimama pale jikoni kiuno kimenyooka. Nikamwambia Ester, "Leo Waarusha wamewafundisha Wajapani."

Ester alikuwa anafuta glasi. "Umemuuliza mwenye pipa?"

"Mgonjwa haulizwi mambo ya jikoni."

"Haya, mwanaume," akasema. "Mimi simo."

Ijumaa Mama Fumi akaletwa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mgahawa, na tulikigeuza kitanda ili auone mlima, lakini Meru yote ilikuwa imejifunika. Nilipika vibua kwa saa tatu. Tangawizi nilikata nyembamba kama alivyonifundisha, moto mdogo, kifuniko kinachogusa mchuzi. Nilijua ninapika chakula cha mwisho na nilipika vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nikampelekea kwenye bakuli dogo la buluu.

Alichukua kipande kwa vijiti. Alitafuna akiwa amefumba macho, na mimi nikangoja lile tabasamu ambalo nilikuwa nimeshamwahidi Ester kwamba litakuja.

"Oloirieni," akasema.

Nikaanza kujitetea. "Pipa lilikuwa limeharibika, Mama. Lilikuwa linanuka."

"Ulitia haradali?"

"Sikuwa na muda."

"Mimi ndiye sina muda," akasema. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Aliviweka vijiti juu ya bakuli, vimelala sawasawa, akatazama dirishani. "Nilitaka kwenda nyumbani kidogo. Umenipeleka kwa mama yako." Kisha kwa adabu yake ileile akauliza, "Yeyo hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikalichukua bakuli. Hakuniomba tena, na siku ya sita akafariki.

Sisi watu wa jikoni tuna kiburi chetu. Tunadhani upendo ukitiwa kwenye sufuria, chakula kitakuwa kizuri. Mimi nilimpenda yule mama, na siku ile nilimnyima kitu kimoja alichokitaka duniani, kwa mikono yangu, nikiwa nimejaa upendo hadi pomoni. Nilichotakiwa kufanya ni kumwambia ukweli: Mama, pipa limeharibika kwa sababu nililiacha. Pengine tungelia pamoja, kisha ningempikia uji. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aya alifika siku ya mazishi. Nasema mazishi, ingawa Mama aliacha neno kwamba achomwe kama desturi ya kwao, na familia moja ya Kihindu, wateja wetu wa miaka mingi, ndiyo iliyotusaidia. Aya alikuwa mwanamke mzima, mrefu kuliko mama yake. Tangu achukuliwe Sekei alikuwa amekuja mara mbili tu, na mara zote mbili waliongea habari za hali ya hewa. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini tulielewana. Hakutaka nguo za mama yake wala vyombo. Alisema baba yake alizoea kumwambia kwamba mama yake alilipenda pipa kuliko alivyowapenda wao, na kwamba angependa kuona pipa lenyewe.

Nikamfunulia. Akapiga magoti, akaingiza mkono, mkono wa kulia, akachota kidogo akazipeleka puani. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Hii ndiyo harufu ya nyumbani kwa bibi?" akaniuliza. "Hii ndiyo Kokura?"

Vijana, nilikuwa na nafasi. Ester alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Mtoto wa watu alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yangu, na kitu pekee alichokipata kutoka kwa mama yake kilikuwa mkononi mwake.

"Ndiyo," nikasema.

Nikamfungia pumba za kiganja kimoja kwenye mfuko wa plastiki, nikazifunga mara tatu, akaondoka nazo.

Mgahawa haukudumu mwaka. Pale Sekei sasa panauzwa chipsi na vioo vya simu, na ule ukuta wenye nchi yote ya Japani umepigwa rangi ya machungwa. Pipa nililileta hapa Olmotonyi. Nimefanya kila ninalolijua kulitibu. Nimelikwangua ndani, nimelianika, nimebadilisha nusu ya pumba mara kadhaa, nimetia haradali ya kutosha harusi. Mbao hazisahau. Naligeuza kila asubuhi hata hivyo.

Naishiye amenionyesha kwenye simu yake namna mnavyotengeneza sushi siku hizi, yenye embe na mayonezi na pilipili ya chupa. Siwacheki. Ikitamkwa kuwa ni ya Arusha, ni halali kabisa, nami nitakula. Kinachoniudhi ni kuambiwa kwamba ndivyo wanavyokula kwao. Halafu najiuliza, mimi ni nani hata nimseme mtu kwa hilo?

Mwezi uliopita simu yangu ilipata ujumbe kutoka kwa Aya. Huwa ananitumia salamu za mwaka mpya, sentensi mbili tatu, na simu inazigeuza Kiswahili cha ajabu lakini kinasomeka. Huu ulikuwa mrefu. Kumbe alihama Tokyo akaenda kuishi Kokura, mji ambao hakuwahi kuishi, na huko amefungua kigenge kidogo karibu na soko. Anauza samaki wa pumba. Alizikuza zile pumba za kiganja kimoja mpaka zikajaza mapipa matatu.

Anasema wazee wa sokoni wanakula na kusifu, lakini wanamwambia si samaki wa Kokura. Amebishana nao. Amewaambia ninyi ndio mliosahau, hii ndiyo ladha ya zamani, nimeipata kwa mama yangu aliyeipata kwa bibi. Ameibandika hata mlangoni, ladha ya nyumba ya bibi. Kisha akaja ajuza mmoja aliyekuwa jirani wa familia yao, aliyekula kwenye pipa lile akiwa mtoto. Alionja akasema, "Hii siyo ya nyumba ile." Aya hajalala vizuri tangu siku hiyo. Anasikia moshi wa mti ndani ya pumba zake, anadhani umefifia na ndiyo maana ladha inapungua; amenunua vibanzi vya kila mti unaouzwa kule, amevichoma kimoja kimoja, hapati ile harufu. Mwisho wa ujumbe aliandika hivi: "Bibi yangu alitumia mti gani? Wewe peke yako unajua. Tafadhali nisaidie."

Nilikaa na ujumbe huo wiki tatu. Nilijiambia mengi. Kwamba amejenga maisha juu yake. Kwamba samaki wake ni watamu, wazee wenyewe wamekiri. Kwamba mama yake ameshapumzika. Niliwaza hata kumjibu kwamba sikumbuki, mimi ni mzee, nani atanilaumu? Na kila asubuhi niliingiza mkono kwenye pipa nikasikia kiwiko changu kinanuka uongo.

Basi Jumatatu niliandika. Niliandika mwenyewe, sikumpa Naishiye aniandikie, kwa hiyo mtanisamehe kama lugha haikukaa. Niliandika: "Aya mwanangu. Bibi yako hakutumia mti wowote. Mti ni oloirieni, unaota hapa kwetu mlimani. Pipa liliharibika mikononi mwangu mama yako akiwa hospitali, nikalifukiza kama mama yangu alivyofukiza vibuyu. Mama yako alionja akajua. Uliponiuliza nilisema ndiyo. Haikuwa ndiyo. Ladha unayoiuza ni ya yeyo wangu. Nisamehe."

Ninyi mtakaofanya kazi hii, mtaulizwa swali hilo mara nyingi, na mara nyingi atakayeuliza atakuwa mbali na kwao. Ndiyo hii? Kama siyo, mwambie siyo, hata kama analia, hata kama ni wewe uliyeipika.

Jumatatu ileile, zile alama mbili za kuonyesha ujumbe wangu umesomwa zilikuwa za buluu kabla sijamaliza kunywa chai. Leo ni Jumapili. Naishiye ananituliza, anasema, "Babu, labda amelala, saa za Japani siyo zetu." Ni mtoto mwenye moyo mzuri, ila hesabu ninaijua. Wanatutangulia kwa saa sita. Hawatutangulii kwa siku sita. Nimenawa mkono kwa maji matupu, nakwenda kugeuza pumba.